Birika Lililobonyea

Mwaka 1984, nikiwa na miaka ishirini na moja, ndipo shida iliponikamata mkono, na haikuniachia mpaka mwaka ule ulipokwisha. Sitaanza na baba wala mama, wala Tanga nilikozaliwa. Hayo kila mtu anayo ya kwake. Naanza na chumba. Ghorofa ya tisa, mtaa wa Castle Vale, Birmingham, Uingereza, katika moja ya yale majengo marefu ambayo leo yamebomolewa. Chumba cha kulala kimoja, vitanda viwili vya chuma, dirisha lisilofunga sawasawa ambalo tulilizibia magazeti, jiko la kusimama mtu mmoja, na choo chetu wenyewe, kidogo, bomba liko karibu, kitu pekee katika nyumba ile nilichokipenda kwa moyo. Kitanda cha dirishani kilikuwa changu kwa kuwa nilikuja nyuma. Cha ukutani kilikuwa cha Zuhura, mwanamke wa Mombasa, amenizidi miaka mitatu, mrefu, anatembea amenyooka hata akiwa amechoka. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hotelini, na yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili.

Shule sikufika mbali. Darasa la nne nililimaliza kwa kusukumwa, na mwalimu alifurahi kuniona mgongo. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Binti yangu Mwanaisha, aliyezaliwa hapahapa Birmingham, ameniambia kwa Kiingereza chake kwamba nimtafute mtu aninyooshee maneno. Nimekataa. Nimenyoosha mashuka ya watu miaka arobaini. Maneno yangu yatabaki na mikunjo yake, na asiyeipenda afunge kitabu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni siku nne tulizolala mimi na Zuhura, mwezi wa tatu mwaka huu, katika hoteli ya kifahari katikati ya mji wa Sevilla, huko Uhispania. Zuhura alikuwa amefiwa na mumewe. Alipomaliza eda nilimpigia simu Leicester anakokaa, nikamwambia, "Sasa toka nje. Nakupeleka mahali ambapo mtu mwingine atakutandikia kitanda." Akasema, "Na wewe utaweza kumwangalia mtu anatandika kitanda ukanyamaza?" Nikamwambia nitajitahidi. Hoteli aliitafuta Mwanaisha. Akaniambia ina vyumba kumi na tano tu, zamani ilikuwa nyumba ya tajiri mmoja. "Vyumba kumi na tano?" nikamwuliza. "Hiyo si hoteli, hiyo ni nyumba ya watu." Akanijibu kwamba ndiyo maana ni ghali.

Na kweli ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mlango mkubwa wa mbao unaoingilia uani, uani kuna maji yanatiririka kwenye jiwe, ukutani vigae vya buluu na njano, na nje mtaa mzima umepandwa michungwa, imechanua, harufu inaingia mpaka kitandani. Chumba chetu kilikuwa na dari ya magogo ya zamani na vitanda viwili vyenye mito minne kila kimoja, sijui vichwa vyote hivyo ni vya nani. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla sijavua koti, nilivuta pembe ya shuka nikaipapasa. Pamba tupu, nyuzi nzuri, lakini pasi walikuwa wameipitisha shuka likiwa limekauka mno, ndiyo maana pindo lilikuwa limejikunja.

"Tumekuja kupumzika au kukagua?" Zuhura akaniuliza.

"Mimi napumzika kwa kukagua."

Akacheka, akaingia bafuni. Bafu lenyewe marumaru mpaka juu, mabomba rangi ya dhahabu, sabuni za aina mbili, taulo nene kama godoro. Dakika haikupita nikasikia anaita, "We mwana! Maji hakuna!"

"Yamekatika?"

"Ya kuogea yapo. Ya huku hakuna. Kuna karatasi tu, tena wameikunja pembe kama bahasha. Na hicho kibilauri cha mswaki, kikipata maji ya kumtosha paka, basi."

Msomaji wa kwetu keshaelewa. Kwa asiyeelewa nitasema wazi, kwa sababu ndiyo habari yenyewe na sina haya nayo: sisi tukienda haja tunachamba kwa maji. Tumefundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusema asante. Chooni kwetu lazima pawe na kopo, au birika, au mpira wa maji, na mtu akikaribishwa nyumba isiyo na chombo hicho hukaa amebana mpaka arudi kwake. Nimekutana na watu waliokwenda Makka, waliokwenda Amerika, wote wanakuhadithia kwanza habari za choo. Basi niliposikia sauti ya Zuhura mle ndani, ya miaka sitini na tano, ikilalamika kati ya marumaru, nilikaa kitandani kwenye ile mito yao nikawa niko tena chini ya ardhi, katika choo cha wafanyakazi cha hoteli ya Birmingham, nina miaka ishirini na moja, na nimeshika birika.

Hoteli ile ilikuwa katikati ya mji, jina silitaji. Mimi nilikuwa ghorofa ya nne, vyumba kumi na sita kwa siku, na Zuhura alikuwa chumba cha kulia, upande wa chai ya asubuhi. Alikuwa hodari mno. Alibeba sahani nne kwa mkono mmoja na hakuangalia miguu. Msimamizi wa chumba kile, mwanamume mwembamba mwenye masharubu, alikuwa amemwahidi kwamba ikifika kiangazi atamfanya msaidizi wake, avae nguo nyeusi badala ya aproni nyeupe. Zuhura aliishi kwa ahadi ile. Jioni Castle Vale alikuwa akifanya mazoezi kwa sahani zetu mbili za bati na za jirani mbili, anaingia kutoka jikoni amenyooka, chapati zinafuka moshi mkononi, anainama kidogo, "Chai yako, bibi." Na mimi nimekaa kitandani nimejifunika blanketi begani kama manyoya, namjibu, "Imepoa. Rudisha."

"Bibi huyu ana kisirani."

"Na mkate umeungua. Niitie mkubwa wako."

"Mkubwa wangu amekufa kwa sababu ya wageni kama wewe." Tunacheka mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Tulikula maharage tuliyoyatia nazi ya kipande, ile inayouzwa imegandishwa kama sabuni, na vipakiti vya siagi vya hotelini vilivyorudi mezani havijafunguliwa. Nimekula vyakula vingi tangu siku hizo. Sijashiba kama nilivyoshiba mle.

Sasa choo cha wafanyakazi. Kilikuwa chini kabisa, kando ya mtambo wa kupashia maji moto, vijumba vitatu vya mbao na beseni moja nje. Mimi nilikuwa napeleka chupa tupu ya maji ya matunda, naijaza, natumia, naificha nyuma ya bomba. Kesho yake haipo, imetupwa. Naleta nyingine, inatupwa. Siku moja nimo ndani nikasikia wanawake wawili wa zamu wanabadilisha viatu nje. Mmoja akasema, "Sakafu imelowa tena. Ni wale wenye chupa." Mwenzake akauliza, "Wanafanya nini huko na maji?" "Sijui. Labda wanaoga." Wakacheka kicheko kirefu. Mimi nimekaa mle, chupa mkononi, nangoja waondoke. Leo ningetoka nikawaeleza, hatua kwa hatua, mpaka wakome kucheka. Siku ile nilingoja.

Kwenye kabati la ghorofa yangu, chini ya sinia, kulikuwa na birika dogo la chuma, lile linalowekwa mezani na maji ya moto ya kuongezea chai. Lilikuwa limebonyea upande wa kushoto, likisimama linainama, kwa hiyo wahudumu walilikwepa. Lilikaa pale zaidi ya mwezi, hakuna aliyeligusa. Nikalichukua nikalishusha chini, nikalificha nyuma ya bomba. Nikasema moyoni, si wizi, halijatoka hotelini. Nilimwonyesha Zuhura. Akaligeuza mkononi, akasema, "Lina mdomo mzuri. Kama la kwetu." Tukawa tunalitumia wote wawili, na maisha yakawa na nafuu.

Kosa langu lilikuwa moja: nililiweka safi. Ndivyo nilivyolelewa, chombo cha chooni kinasuguliwa kuliko cha jikoni. Kila siku kabla ya kwenda nyumbani nililisugua kwa sabuni ya unga na kitambaa mpaka nikajiona usoni mwake. Lingekuwa chafu, yeyote ambaye angelikuta angelitupa kama alivyotupa chupa. Lakini fundi aliyekuja kutengeneza lile bomba mwezi wa tano alikuta birika linameta, lina alama ya hoteli chini yake, akafanya kama mtu mwema yeyote: akalipandisha jikoni.

Asubuhi ile nilikuwa nimeagizwa kupeleka vitambaa vya meza. Nimefika mlango wa chumba cha kulia, rundo limefika kidevuni, nikaliona. Meza ya dirishani, wazee wawili, mume na mke, mbele yao chai, maziwa, na birika limeinama kushoto. Najua lilikuwa limeoshwa jikoni kwa maji yanayochemka. Haikunisaidia. Na kabla sijapumua nikamwona Zuhura upande wa pili, naye ameliona. Mzee alinyoosha mkono ajimiminie. Zuhura akakatiza chumba kizima, hakukimbia, alitembea vile vile alivyonyooka, akaliondoa mbele ya mkono wa mzee. "Samahani, bwana. Hili halifai."

Msimamizi akaja. "Lina nini?"

"Limebonyea."

"Kubonyea si ugonjwa. Lirudishe."

Zuhura akawatazama wale wazee. Bibi alikuwa amemtabasamia, anangoja. Nadhani bibi yule angemtazama kwa chuki hata kidogo, Zuhura angelirudisha, na mambo yote yangekuwa mengine. Zuhura akasema, kwa sauti ya kawaida, Kiingereza kilichopangwa vizuri, "Bwana, lilikuwa chooni."

Vijiko vyote vilinyamaza. Msimamizi uso ulimbadilika rangi mpaka masikioni. "Nani aliyeliweka chooni?"

Zuhura hakuutazama mlango. Angeutazama mlango, wote wangenitazama mimi.

"Nimekuuliza. Ni lako?"

Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale. Ulimi nilikuwa nao, Kiingereza cha maneno mawili nilikuwa nacho, na hayo mawili yangetosha. Lakini karatasi zangu za kukaa nchini zilitegemea barua ya hoteli ile, barua yenyewe ilikuwa bado haijaandikwa, na Zuhura alikuwa na pasipoti ya Uingereza, yeye hakuna wa kumrudisha kwao. Hayo niliyafikiria yote kwa mpigo mmoja, kama mtu anavyofikiria akiteleza. Nikayakumbatia yale mavitambaa. Sikusema.

"Lichukue," msimamizi akamwambia, "uondoke nalo. Hakuna atakayelishika tena hapa."

Nilipokwenda kubadilisha nguo niliwasikia tena wale wawili. "Wachafu, hawa," mmoja akasema. "Kwenye chombo cha chai!" Wachafu. Nililibeba neno hilo miaka mingi, na leo nalirudisha kwa wenyewe. Tunaojiosha ndio wachafu, anayejipangusa kwa karatasi kavu akavuta suruali ndiye msafi! Juzi Mwanaisha amenipeleka duka moja kubwa kuchagua vifaa vya bafu. Nimeonyeshwa choo kinachorusha maji yenyewe, ya uvuguvugu, kina vitufe kama simu. Muuzaji ananisifia, "Mama, usafi wake huu hujapata kuuona." Nikamwambia, "Kijana, mimi nimeujua tangu sijaota meno." Kumbe ilikuwa ni suala la kutia vitufe tu.

Niliporudi Castle Vale siku ile nilipanda ngazi za ghorofa zote tisa kwa miguu, lifti ilikuwa nzima, ila sikutaka kufika haraka. Zuhura alikuwa jikoni. Maharage yameiva, chapati ziko kwenye kitambaa. Akasema bila kugeuka, "Funga mlango, upepo unazima jiko." Nikafunga. Akaniwekea sahani. "Kula." Nikala. Sikujua niseme nini, nikasema maharage yamekolea chumvi vizuri. Akasema ndiyo. Halafu nikaenda chooni, na pale chini, juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, birika limekaa. Amekuja nalo kwenye basi, ndani ya mkoba, na aproni yake. Tulilitumia kila siku miezi saba iliyobaki, asubuhi yeye, kisha mimi, na hatukulitaja hata mara moja. Sijapata kuishi na mtu wa tatu mkimya kama yule.

Alipata kazi kantini, kiwanda cha magari cha Longbridge, upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mabasi mawili kurudi. Si kubeba sahani, kuosha masufuria. Alikuwa akirudi vidole vimevimba, anavipaka samli, ananiuliza habari za ghorofa ya nne kwa adabu kama anayemwuliza mgeni habari za kwao. Ule mchezo wa "Chai yako, bibi" haukurudi. Nilijaribu mara moja, nilijifunika blanketi begani nikasema, "Mhudumu!" Akanitazama, akasema, "Mwenzangu, nimechoka." Mwezi wa kumi na mbili akaolewa, akahamia Leicester. Mlangoni, sanduku mkononi, akaniambia, "Birika nimekuachia. Wewe ndiye unayelipenda." Basi. Nilikaa kwenye kitanda chake kilichobaki na chuma tupu. Barua ya hoteli nilikuwa nimeipata. Ilikuwa na sahihi mbili na mhuri.

Huo ndio mwaka uliokifanya kichwa changu kiwe kigumu hivi. Niliomba kuhamishwa nikapelekwa dobi ya hoteli, chumba cha kufulia, huko chini, kwa kuwa sikutaka tena kupita mbele ya kile chumba cha kulia. Nilijifunza mashine, sabuni, pasi kubwa ya kupitishia mashuka, nani ananunua wapi. Nikatoka nikaanza na mashine moja kuukuu katika gereji ya watu, Great Barr. Walionicheka wakati ule nimewafulia baadaye. Sikumwogopa mtu tena, si meneja, si mtu wa benki, si mwanamume. Mtu mmoja tu nilimwogopa, naye tulisalimiana kwenye simu kila Idi kwa miaka arobaini, tukazungumza harusi na presha na bei ya mchele, na kila nikikata simu nilikuwa natoka jasho.

Basi tukiwa Sevilla nikashuka mapokezi. Kulikuwa na watu wanne na masanduku yao, nami sikupunguza sauti. "Nataka jagi."

Kijana wa mapokezi akauliza, "La kinywaji, bibi?"

"La chooni."

Akaona haya, lakini alikuwa mtoto mzuri. Akanieleza kwamba zamani vyumba vyote vilikuwa na mabeseni ya chini ya kujioshea, ila walipoikarabati nyumba waliyang'oa ili bafu liwe na nafasi, na bibi yake mwenyewe huwa anawasuta. "Mwambie bibi yako," nikasema, "ana akili kuliko fundi wenu." Akacheka, akapotea, akatuletea juu ndoo ya fedha inayowekwa barafu ya mvinyo. Zuhura alipoiona akashika kichwa. "Ya pombe! Subhanallah, itoe." Hapo korido alikuwa anapita mfanyakazi wa vyumba na toroli lake, mama wa makamo, kitambaa kichwani. Jina lake Fatiha, wa Morocco. Lugha hatukupatana, lakini Zuhura alimwonyesha kwa mkono, kumimina, kuinama, na yule mama alicheka mpaka akafunika mdomo kwa taulo. Akaenda stoo yake akarudi na jagi la plastiki la buluu, lake la kuchotea maji. Akalibusu kwa mzaha, akatukabidhi.

Siku mbili tulistarehe. Chai ya asubuhi tuliinywa uani, mkate uliopakwa nyanya na mafuta, mayai, na pilipili ya Zuhura aliyotoka nayo nyumbani kwenye kichupa. Niliona jambo. Kila mhudumu akija, Zuhura huacha kuzungumza akamtazama mikono. "Kijiko ameweka upande siwo," ananong'ona. Au, "Huyu yuko vizuri. Ona, hatazami miguu." Mimi nageuza uso kwenye ile michungwa.

Siku ya tatu tulitoka kwenye chai tukakuta mlango wa chumba chetu uko wazi. Ndani, binti wa suti nyeusi, msimamizi wa ghorofa, ameshika jagi la buluu kwa vidole viwili, kwa mbali, kama aliyeshika mkia wa panya. Mbele yake Fatiha, macho sakafuni. Kihispania sijui hata neno, lakini vidole viwili vile navijua, na macho yale ya sakafuni nayajua. Zuhura alisimama kando yangu.

Nikaingia. "Kuna nini?"

Binti akabadilisha lugha na uso kwa pamoja. "Samahani sana, bibi. Tumekuta kifaa cha usafi cha wafanyakazi ndani ya chumba chako. Ni kosa kubwa, hairuhusiwi kabisa. Tunalishughulikia."

"Kifaa gani?"

Akaliinua.

"Hilo ni langu," nikasema.

"Lakini, bibi—"

"Nimetoka nalo Birmingham."

Akaligeuza. Kitako kilikuwa na karatasi ya kubandika, imeandikwa namba ya stoo. Akanionyesha taratibu, kama anayemwonyesha mgonjwa dawa. "Bibi, lina karatasi yetu."

"Na karatasi pia ni yangu."

Fatiha akainua macho. Yule binti akanitazama, mama wa miaka sitini na mbili, nyonga mbovu, baibui, nimesimama katikati ya marumaru yao. Mimi nilikuwa mgeni wa chumba kile, nami nilijua kazi ya hoteli kuliko yeye: mgeni akisema ni chake, ni chake. Nikanyoosha mkono. Akaniwekea jagi, safari hii kwa mikono miwili.

"Na mama huyu amefanya nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, bibi."

"Basi mwache afanye kazi. Na mwambie, niko hapa mpaka kesho, sijaona mashuka yaliyotandikwa vizuri kama yake." Akamwambia. Nilingoja mpaka nikasikia amemwambia.

Walipotoka Zuhura alikaa kitandani. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Na karatasi pia ni yako!" Akafuta macho kwa ukaya wa kichwani. Halafu kicheko kikaisha, akabaki ananitazama, na mimi nimesimama na jagi.

"Zuhura," nikasema, "lile birika."

"Najua."

"Nilikuwa mlangoni."

"Nilikuona. Umekumbatia vitambaa mpaka puani, miguu tu inaonekana."

"Mbona hukunitaja?"

"Nikutaje urudishwe Tanga, halafu mimi nikae na nani kule juu?" Akanyoosha kidole. "Usidhani sikukasirika. Nilikukasirikia, wee! Kila nikishika sufuria ya Longbridge naona uso wako ndani. Kazi ile niliipenda. Sikupata nyingine kama ile maisha yangu. Lakini pale mlangoni nilikusamehe siku ileile, ungefanya nini. Nilichongoja ni uje nyumbani useme. Ulikuja ukasifu chumvi ya maharage."

Nimegombana na madalali, nimewafukuza wanaume wawili, nimesimama mahakamani bila wakili. Sikuwahi kupata kazi ya kutoa maneno mawili kama siku ile. "Lilikuwa langu," nikasema.

"Sema tena. Na usiinamishe kichwa, unanihuzunisha."

Nikainua kichwa. "Lilikuwa langu. Nililichukua mimi, nililificha mimi, na wewe ukafukuzwa kwa ajili yangu, na sikusema."

"Haya," akasema Zuhura. Akavua viatu, akapandisha miguu kwenye mito yao. "Sasa niletee chai. Na ikiwa imepoa nitairudisha."

Nilishuka mwenyewe hadi jikoni kwao, nikapanda nayo kwenye sinia, nyonga inauma, nikainama. "Chai yako, bibi." Akaonja, akakunja uso. Imepoa, akasema. Nikairudisha.

Kabla ya kuondoka tulimnunulia Fatiha jagi jipya, la kijani. La buluu sikuweza kuliacha; nilikwisha sema ni langu. Uwanja wa ndege lilipita kwenye mashine, askari akalitoa akalitazama ndani, akanitazama mimi. Nilimtazama pia.

Leo ninavyo hivi. Nyumba moja Great Barr, vyumba vitatu, imekwisha lipwa. Dobi moja, mashine kubwa kumi na moja, pasi mbili za mashuka, wafanyakazi tisa, na choo cha wafanyakazi chenye maji ya moto na mpira wa kuchambia, nimeufunga mwenyewe. Magari mawili ya kubebea nguo. Hoteli saba nawafulia. Ile ya katikati ya mji ilinipigia mara mbili, sikuitaka. Kiwanja Tanga, kina msingi. Nyonga moja ya kuzaliwa, na nyingine naingoja hospitali. Jagi moja la plastiki la buluu, lina namba ya stoo ya watu. Birika dogo moja la chuma, limebonyea kushoto, liko choo cha chini, mahali ambapo kila mgeni analiona. Ni langu.